Hifadhi hai Kigoma: kama hakuna uzio, kuna nini?

Boti ya abiria inayotoka Kibirizi kwenda Mtanga, Mwamgongo na Kagunga, vijiji vya ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, haina haraka. Mtu anaweza kuanza hadithi, akabishiwa, akaianza upya, na bado hamjafika popote. Siku moja tukiwa tumekaa juu ya magunia ya unga, kijana mmoja akasema amesikia redioni kwamba Gombe pamoja na vijiji vya jirani vimeingizwa kwenye "hifadhi ya dunia". Mama mmoja mwenye ndoo mbili tupu za mawese akageuka. "Hifadhi tena? Basi tuambieni mapema tunahamia wapi, mwanangu, nisije nikapanda michikichi ya watu."

Boti nzima ilicheka, ila wazee walicheka kwa mdomo tu.

Yule mama hakuwa amekosea sana. Kilichomponza ni neno lenyewe. Kiswahili chetu kina neno moja, hifadhi, na tumelibebesha mizigo mingi. Kuna hifadhi ya taifa, ambayo huruhusiwi kulima, kukata wala kulala bila kibali. Kuna msitu wa hifadhi, ulio chini ya serikali kuu au halmashauri. Kuna msitu wa hifadhi wa kijiji, ambao kijiji chenyewe kimeutenga na kuutungia sheria ndogo. Halafu kuna hifadhi hai, ambayo wengine huiita hifadhi ya baiosfia. Nne zote kwa jina ni ndugu, lakini kisheria hazifanani hata kidogo. Mtu aliyewahi kufukuzwa kwenye ile ya kwanza akisikia ya nne ametangaziwa, ana haki ya kushtuka.

Na Kigoma kumbukumbu hizo zipo. Gombe ilifanywa pori la akiba mwaka 1943, enzi za Mwingereza, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Kusini zaidi, Watongwe waliokuwa na makazi yao kwenye milima ya Mahale walishaondolewa huko kabla ya Mahale kutangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Hiyo ni milima waliyoiheshimu kama maskani ya mizimu yao, wakayaacha mapori yake yasimame kwa heshima hiyo. Kwa hiyo ukimwambia mzee wa Uvinza kwamba safari hii ni tofauti, usitegemee akuamini kwa maneno. Atataka kujua tofauti iko wapi.

Tofauti inaanza na swali lililokuwa linawasumbua wanasayansi miaka ya 1960. Ulinzi wa mazingira ulikuwa na maana moja: chora mpaka, toa watu, weka askari. Ndani ya mpaka miti ilistawi. Nje yake kila kitu kiliendelea kukatwa, na mara nyingi kwa kasi zaidi, maana watu waliotolewa walikwenda kubanana pembeni. Mwaka 1971 UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia elimu, sayansi na utamaduni, likaanzisha programu iitwayo Binadamu na Baiosfia. Baiosfia ni tabaka lote la dunia lenye uhai: udongo, maji, hewa, na kila kinachoishi humo. Jina la programu lenyewe lilikuwa hoja, kwa sababu binadamu aliwekwa ndani ya picha badala ya kusimamishwa mlangoni.

Maeneo ya kwanza yalitambuliwa mwaka 1976. Leo yako zaidi ya 700 duniani. Tanzania ina Ziwa Manyara na Serengeti-Ngorongoro, yote ya mwaka 1981, kisha Usambara Mashariki mwaka 2000, Jozani na Ghuba ya Chwaka kule Unguja mwaka 2016, na mwaka 2018 Gombe Masito Ugalla, hii yetu. Ukiyaangalia kwa mpangilio huo utaona kitu. Yale ya zamani yalikuwa zaidi ni hifadhi zilizokuwepo tayari zikaongezewa cheo. Ni baada ya mkutano wa Seville, Hispania, mwaka 1995 ndipo masharti yalipokaa sawa: eneo halifai kuitwa hifadhi hai kama halina watu wanaoishi na kufanya kazi ndani ya mpango wake. Gombe Masito Ugalla imezaliwa chini ya masharti hayo mapya, na ndiyo sababu ndani yake kuna hifadhi ya taifa, misitu, mashamba, miji midogo na kipande cha Ziwa Tanganyika kwa pamoja.

Masharti yanataka kanda tatu. Mimi huzielewa kwa kufikiria nyumba ya Ujiji. Kuna chumbani, kuna barazani, kuna uwanjani. Chumbani haingii kila mtu. Barazani mgeni anakaribishwa, anakaa, anakunywa kahawa, lakini hafanyi anavyotaka. Uwanjani ndiko maisha yanakoendeshwa: watoto wanacheza, dagaa wanaanikwa, biashara inafanyika. Ukanda wa kiini ni chumbani, ukanda kinga ni barazani, ukanda wa mpito ni uwanjani. Mfano huu una kasoro moja kubwa, nitaifikia.

Kiini kinachojulikana zaidi ni Gombe. Ni hifadhi ndogo mno. Kutoka ufukweni hadi juu kwenye ukingo wa Bonde la Ufa ni kilomita chache tu za kupanda, ingawa miguu haitakubaliana na hesabu hiyo. Jane Goodall alishuka hapo tarehe 14 Julai 1960, binti wa miaka 26, na kabla mwaka haujaisha alikuwa ameona sokwe akichomeka kijiti kwenye kichuguu ili kuvua mchwa. Mpaka siku hiyo vitabu vilisema mwenye kutumia zana ni binadamu peke yake. Utafiti ulioanza siku zile haujakatika hadi leo, ingawa mwenyewe alifariki tarehe 1 Oktoba 2025.

Lakini jambo la maana kwa mada yetu aliliona akiwa angani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliruka juu ya Gombe kwa ndege ndogo, akaona kijisiwa cha kijani kimezungukwa na vilima vitupu. Ndani ya mpaka, msitu. Hatua moja nje, udongo mwekundu. Sokwe wa Gombe ni karibu 100 na wamegawanyika katika makundi matatu, Mitumba, Kasekela na Kalande. Kundi dogo lililofungiwa kwenye kijisiwa halina pa kwenda. Wataoana wao kwa wao, na ugonjwa ukiingia hautoki. Mwaka 1966 polio iliwapiga sokwe hao, baadhi wakafa, wengine wakapooza viungo. Mafua ya kawaida ya binadamu nayo huwaua. Hapo ndipo utaona kwamba kiini kikilindwa peke yake ni kama mgonjwa aliyewekwa kwenye chumba kisafi, kisha chakula chake kikasahauliwa.

Basi tuje barazani, kwa sababu kazi yote iko huko.

Mwaka 1994 ulianza mradi wa TACARE, wa taasisi ya Jane Goodall, katika vijiji vinavyopakana na Gombe. Ulianza kwa kupanda miti, kama miradi mingi. Wanavijiji waliposikilizwa vizuri, walichotaka kwanza kilikuwa maji, zahanati na shule. Mradi ukajifunza kuanzia hapo. Nalitaja hili kwa sababu ndilo lililogeuka kuwa kanuni: huwezi kumwomba mtu aache mlima upumue wakati mtoto wake anaharisha.

Kilichofuata ni mipango ya matumizi bora ya ardhi. Mtu akisikia maneno haya hupiga miayo, nami namwelewa, lakini kaa nayo kidogo. Mkutano mkuu wa kijiji unaitishwa. Watu wanabishana wapi pawe makazi, wapi mashamba, wapi malisho, wapi kisima, na wapi paachwe. Yanayokubaliwa yanachorwa kwenye ramani, na kila matumizi yanapewa rangi yake. Ramani inabandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji. Vijiji vingi vya pembeni mwa Gombe viliamua kuacha miteremko mikali na migongo ya vilima, na kuifanya msitu wa hifadhi wa kijiji.

Na sasa sehemu ninayoipenda. Vilima vile havikuhitaji kupandwa miti kwa wingi kama wengi walivyodhani. Miombo, yaani miti ya mapori makavu ya huku, haifi kwa shoka. Ukikata mtundu au mninga, mizizi inabaki hai chini ya ardhi miaka mingi, na kila msimu kisiki kinatoa machipukizi. Kinachoyaua ni moto wa kila mwaka, jembe, na mbuzi. Ondoa hivyo vitatu kwa miaka michache, machipukizi yanawazidi watu kimo. Pita kwenye mteremko wa namna hiyo utaona visiki vyeusi vya zamani, kila kimoja kimezungukwa na vijiti vitano sita vilivyonyooka, mmoja umeshakuwa mti. Msitu ulikuwepo muda wote, chini ya miguu ya watu. Sokwe nao hupita humo, kwa sababu mpaka wa hifadhi ya taifa hawaujui.

Ulinzi wa misitu hiyo hufanywa na wanakijiji waliochaguliwa, wanaozunguka na simu au tableti wakirekodi mti uliokatwa, mtego, kiota cha sokwe, tanuri la mkaa. Picha na mahali vinaingia kwenye ramani hapo hapo. Mkata mkaa aliyekamatwa anapelekwa kwenye serikali ya kijiji, siyo kwa askari wa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Hapo ndipo kasoro ya mfano wangu wa nyumba inapojitokeza: nyumba ina mwenye nyumba mmoja, hifadhi hai haina.

Tulia hapa, maana ndipo watu wengi wanapopotea. Sheria za ardhi za mwaka 1999, Namba 4 na Namba 5, zinatambua ardhi za aina tatu: ya jumla, ya kijiji, na ya hifadhi. Hifadhi hai haimo katika aina hizo. Ni jina linalopita juu ya zote tatu bila kubadilisha hata moja. Gombe inabaki chini ya TANAPA. Msitu wa serikali kuu unabaki chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, wa halmashauri chini ya halmashauri, na msitu wa kijiji unabaki wa kijiji kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Shamba lako la kimila linabaki lako. NEMC, baraza la taifa la mazingira, inaratibu kwa niaba ya nchi. UNESCO haina askari hata mmoja Kigoma, haina mamlaka ya kumtoza mtu faini, wala haiwezi kumhamisha hata kuku.

Ni kama ukoo. Kila kaya ina baba yake na mama yake, lakini kuna kikao cha ukoo. Kikao hakichukui shamba la mtu. Kinauliza tu: mbona huku mnakata, na kule chini maji yanapungua? Kila baada ya miaka 10 nchi inatakiwa kutoa taarifa ya jinsi eneo linavyokwenda, na kwa hii ya kwetu, iliyotambuliwa 2018, ni mwaka 2028. Eneo likishindwa kutimiza masharti linaweza kupoteza jina, na nchi yenyewe inaweza kujitoa ikitaka. Mwaka 2017 Marekani iliondoa maeneo yake 17 kwa mkupuo.

Kama kukaa ni kwa hiari na kutoka ni kwa hiari, jina lina faida gani? Swali la haki. Fedha haziji na cheti. Nimewahi kuhudhuria semina moja ya mazingira ambapo mtoa mada alizungumza saa mbili juu ya fursa, tukaondoka na kofia na kalamu. Tukiyauza majina haya kwa namna hiyo, watu watayachukia, na watakuwa sahihi.

Faida ninayoiona mimi ni kwamba jina linalazimisha mambo yaliyokuwa yanajadiliwa mbalimbali yajadiliwe kwa pamoja. Chukua mawese. Kigoma bila mawese si Kigoma. Lakini chikichi huchemshwa kwenye pipa, na pipa linakula kuni. Michikichi ya zamani inatoa mafuta kidogo kwa kila eka, kwa hiyo anayetaka mafuta zaidi anafungua shamba jingine, na mashamba mapya yanapanda mlimani. Miche ya tenera, aina chotara ya mchikichi, inayosambazwa kutoka kituo cha utafiti cha TARI Kihinga inatoa mafuta mengi zaidi kwenye ardhi ile ile. Tanuri lililojengwa vizuri linatumia makapi na vifuu vya mise, yaani kokwa za chikichi, badala ya kuni. Ofisa kilimo ataliita hili suala la uzalishaji. Mtu wa misitu ataliita suala la ukataji. Katika mpango wa hifadhi hai ni suala moja la ukanda wa mpito, na bwana kilimo na bwana misitu hawana kisingizio cha kukaa meza tofauti.

Kahawa ya Kalinzi iko hivyo hivyo, maana mkahawa hukubali kivuli, na mkulima wa kahawa ana sababu ya kuacha mti usimame. Asali pia, ingawa hapa kuna jambo wasilolisema wanaotusifia asali ya miombo. Mzinga wa gome unatengenezwa kwa kubandua gome la mti mkubwa mzima mzima, na mti uliobanduliwa hivyo unakufa. Asali ni ya asili kabisa, na mti umekufa kabisa. Mzinga wa mbao unaondoa tatizo hilo, kama mbao zenyewe hazikutoka msitu ule ule.

Ukivuka Mto Malagarasi kuelekea kusini unaingia Masito, kisha Ugalla, na sura inabadilika. Huku hakuna vijiji vilivyobanana. Ni miombo mikavu, mabonde yenye misitu kando ya mito, na sokwe wanaoishi kwenye mojawapo ya mazingira makavu zaidi ambayo sokwe wanajulikana kuyamudu. Sokwe hawa hawako ndani ya hifadhi ya taifa, ndiyo maana jina la Gombe peke yake lisingetosha. (Msichanganye Ugalla hii na Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla iliyotangazwa mwaka 2019 upande wa Tabora na Katavi. Jina la mto limezaa majina mengi.) Pembeni yake tena kuna ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, iliyoingizwa mwaka 2000 kwenye mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu, yaani mkataba mwingine kabisa, wenye masharti yake.

Uvinza inatukumbusha kwamba binadamu si mgeni katika mapori haya. Chumvi ya Uvinza imechemshwa kwa kuni za miombo kwa zaidi ya miaka elfu moja, na mapori yalikuwepo tu. Kilichobadilika ni wingi na kasi: makundi makubwa ya ng'ombe kutoka mikoa mingine, mashamba yanayofunguliwa kwa mkupuo, mkaa unaosafiri kwa malori, na moto. Moto wa Juni, majani yakiwa bado na ubichi, hupita chini na kuzimika. Moto wa Septemba unapanda juu ya miti. Mrina asali, mfugaji na mwindaji wote huwasha moto, kila mmoja kwa tarehe yake. Kukubaliana tarehe tu kungeokoa miti mingi kuliko miche inayopandwa siku ya sherehe.

Na ziwa? Udongo wa kilima kitupu hauishii kijijini. Mvua ikinyesha unashuka hadi majini na kufunika mawe ya pembezoni, ambako samaki wengi wadogo wa Tanganyika hula ukoga na kutagia. Dagaa na migebuka huishi maji ya wazi, hao tatizo lao ni nyavu. Mwaka 2024 uvuvi ulifungwa upande wa Tanzania kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na Kibirizi ikawa kimya kwa namna isiyozoeleka, vipe, yaani vyombo vya kuvulia, vimeegeshwa, vichanja vya kuanikia dagaa vitupu. Lakini ziwa hili ni la nchi nne, na mpango wa kanda unaoishia kwenye mpaka wa Tanzania hauwezi kumzuia mvuvi wa ng'ambo. Wala hauwezi kulipoza. Maji ya juu ya Tanganyika yamepata joto kwa miongo mingi, na maji yenye joto juu hayachanganyiki vizuri na yale baridi ya chini yenye rutuba, hivyo chakula cha dagaa kinapungua. Hakuna ramani ya kijiji inayotibu hilo. Anayewaambia watu wa Kigoma kwamba cheti cha mwaka 2018 kitarudisha dagaa wa zamani anawadanganya.

Basi siku ile kwenye boti nilijaribu kueleza haya yote kwa dakika zilizobaki, nikashindwa, kama unavyoona hata hapa imenichukua kurasa. Mwishoni nikamuuliza yule mama kitu kimoja tu: ofisini kwa kijiji chenu kuna ramani ukutani?

"Ile ya rangi rangi? Ipo. Naipita kila nikienda kulipa mchango."

"Shamba lako liko wapi pale?"

Akafikiri, akiwa ameshika ndoo zake kwa sababu boti ilishaanza kugeuka kuelekea ufukweni. "Kwenye njano," akasema. "Kijani kinaanzia juu ya mgomba wangu wa mwisho." Kisha akapandisha kanga hadi magotini na kushuka majini.